Uvimbe Usiouma: Uchunguzi na Tiba ya Maradhi ya Tezi za Mate

Katika maradhi ya tezi za mate, uvimbe unaouma mara nyingi ndio unaopona upesi, na uvimbe usiouma ndio unaostahili kutiliwa mashaka. Kwa kuwa desturi ya watu wengi, mjini na shamba, ni kwenda hospitali pale maumivu yanapowashinda, mwenye shavu linalopwita hukimbilia kwa daktari siku ya pili, ilhali mwenye kinundu kigumu kisicho na maumivu, chini ya ndewe ya sikio, hukaa nacho mwaka wa tano au wa kumi, akikifunika kwa mtandio au kwa ndevu, mpaka siku upande mmoja wa uso unapoanza kulegea. Mazungumzo haya yanaifuata njia anayopitia mgonjwa wa aina hiyo katika kisiwa cha Unguja, tangu uvimbe unapoonekana nyumbani, Mtoni au kwengineko, hadi unapojulikana jina lake na kupata tiba, kwa sababu sehemu kubwa ya njia hiyo haihitaji mitambo mikubwa: inahitaji macho, vidole, sindano nyembamba na hadubini, na vyote hivyo vimo kisiwani.

Mate hutengenezwa na jozi 3 za tezi kubwa, pamoja na tezi ndogo ndogo mamia kwa mamia zilizotawanyika ndani ya midomo, mashavu, kaakaa na koo. Jozi kubwa kuliko zote hukaa mbele na chini ya masikio, na kwa jina la kitabibu huitwa parotidi. Jozi ya pili hukaa chini ya mfupa wa taya. Na ya tatu, iliyo ndogo zaidi, hukaa chini ya ulimi. Kila tezi kubwa ina njia ya kutolea mate. Mrija wa parotidi hukatiza shavu na kufunguka ndani ya mdomo, mkabala na gego la pili la juu, na mrija wa tezi ya taya hupanda kutoka nyuma kwenda mbele mpaka ukafunguka chini ya ulimi, pembeni mwa ule utando unaoushikilia ulimi. Huu wa pili ulielezwa na tabibu wa Uingereza, Thomas Wharton, mwaka 1656, na ule wa parotidi uligunduliwa mwaka 1660 na Niels Stensen wa Denmark, alipokuwa mwanafunzi mjini Amsterdam akipasua kichwa cha kondoo. Hadi leo mirija hiyo inaitwa kwa majina yao katika vitabu vya udaktari.

Kwa siku moja mtu mzima hutoa mate baina ya nusu lita na lita moja na nusu, nayo hulainisha tonge, huanza kazi ya kusaga wanga, hupunguza ukali wa asidi, huyarudishia meno madini yake na hubeba kinga dhidi ya vijidudu. Thamani yake hujulikana yanapokosekana, kwani mtu aliyekaukiwa na mate huoza meno kwa kasi, hasa pale jino linapokutana na ufizi, huota utando mweupe wa fangasi ulimini, na hushindwa kumeza mkate mkavu bila ya kusindikiza na maji.

Jambo moja zaidi la maumbile halina budi kuelezwa kabla ya kuendelea, kwa kuwa bila ya hilo nusu ya tahadhari za madaktari haieleweki. Ndani ya parotidi hupita neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu unaoamrisha misuli yote ya uso, nao ukifika katikati ya tezi hugawanyika matawi makubwa 5 yanayokwenda kwenye paji, jicho, shavu, mdomo na shingo. Uhai wa tabasamu, wa kufumba jicho wakati wa kulala na wa kuzuia maji yasimwagike mdomoni umo ndani ya matawi hayo, ambayo baadhi yake ni membamba kama uzi. Kwa hiyo kila anayepitisha kisu katika sehemu hiyo, awe daktari wa upasuaji ukumbini au mganga anayechanja chale kwa wembe juu ya shavu lililovimba, anapita karibu na neva hiyo, na tofauti ni kwamba mmoja wao anajua ilipo. Chale inayozama inaweza pia kuukata mrija wa mate, na mate yakatafuta njia ya kutokea juu ya ngozi ya shavu kila mtu anapokula.

Daktari anayeyajua maradhi haya huanza kwa kuuliza uvimbe unakuja saa ngapi. Uvimbe unaojitokeza mtu anapoanza kula, hasa anapotia mdomoni kitu kikali kama embe mbichi, ukwaju au bakuli la urojo lililokamuliwa ndimu, ukazidi kwa dakika chache kisha ukapungua taratibu baada ya saa moja au mbili, hujieleza wenyewe: tezi imeamrishwa kutoa mate, mrija umezibwa, na mate yaliyokosa njia yanaitanua tezi kwa ndani. Aghalabu kinachoziba ni kijiwe. Uvimbe uliopanda kwa siku moja au mbili pamoja na homa, mara nyingi pande zote mbili, kwa mtoto ambaye wenzake wa chuoni au skuli nao wameumwa, ni matubwitubwi. Uvimbe mwekundu wenye moto, wa upande mmoja, kwa mzee aliyelala kitandani siku nyingi bila ya kunywa maji ya kutosha, ni maambukizi ya vijidudu. Lakini kinundu kimoja kigumu ambacho hakijali chakula wala homa, kikakua polepole kwa miezi au miaka, huhesabiwa kuwa ni uvimbe wa chembe zilizoanza kukua ovyo, uwe wa kawaida au wa saratani, na huendelea kuhesabiwa hivyo mpaka vipimo vikanushe.

Baada ya masuali huja mikono. Mgonjwa hukalishwa mbele ya taa, na daktari huzilinganisha pande mbili za uso, kwa kuwa parotidi iliyovimba huisukuma nje ndewe ya sikio na kulijaza bonde lililo nyuma ya taya. Halafu huvaa glavu, akaingiza kidole cha shahada chini ya ulimi, na vidole vya mkono wa pili akaviweka nje, chini ya taya, mpaka tezi ikawa baina ya mikono miwili. Kwa njia hii kijiwe kidogo kama punje ya mchele huweza kuhisika ndani ya mrija. Kisha hukausha kwa pamba tundu la mrija, akaikamua tezi kwa kuibonyeza kutoka nyuma kuelekea mbele, na kuangalia kinachotoka. Mate maangavu ya majimaji ni dalili njema. Mate mazito yenye vipande huonesha uvimbe wa muda mrefu. Usaha huonesha maambukizi. Na tundu lisilotoa kitu huonesha kuwa njia imeziba. Mwisho mgonjwa hutakiwa apandishe nyusi, afumbe macho kwa nguvu, ajaze pumzi mashavuni na aoneshe meno, na hapo daktari hujua iwapo neva ya uso ni nzima. Uchunguzi wote huu hauchukui dakika 10 na hauna gharama zaidi ya glavu na pamba, na ni jambo la kusikitisha kwamba ndio unaorukwa mara nyingi penye foleni ndefu, mgonjwa akaangaliwa kwa nje tu na kuandikiwa dawa ya vijidudu kwa ugonjwa ambao huenda hauna kijidudu.

Kipimo cha kwanza baada ya mikono ni ultrasaundi, chombo kinachotumia mawimbi ya sauti kuona ndani ya mwili, ambacho hakina mionzi na hutofautisha kijiwe, jipu, mfuko wa maji na nyama ngumu. Eksirei ya kawaida bado ina kazi yake, kwa sababu vijiwe vingi vya tezi ya taya vina kalisi ya kutosha kuonekana katika picha, ingawa vile vya parotidi mara nyingi havionekani. Skani kubwa za CT na MRI huhitajika pale uvimbe unapokuwa umezama ndani sana, au pale saratani inaposhukiwa na daktari anataka kujua imefika wapi kabla ya kupasua. Kuzitaka kwa kila mgonjwa ni kumbebesha gharama asizozihitaji.

Matubwitubwi, ambayo baadhi ya watu huyaita perema, ni maradhi ya virusi yaliyojulikana tangu zama za kale. Hippocrates aliyaeleza katika kisiwa cha Thasos karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, akataja hata kuvimba kwa korodani kunakofuatia. Virusi hupita kwa mate na kwa matone ya kikohozi, na uvimbe huja kiasi cha wiki 2 hadi 3 baada ya mtu kuambukizwa. Hakuna dawa inayoua virusi hivyo, na dawa za vijidudu ambazo wazazi wengi hununua katika maduka ya dawa hazisaidii kitu. Mtoto hupumzishwa, hupewa maji mengi na dawa ya maumivu isiyo asprini, hupewa uji na supu badala ya vyakula vikali vinavyoamsha tezi na kuzidisha maumivu, na huwekwa nyumbani siku 5 tangu uvimbe uanze, ili asiwaambukize wengine. Kukanda shavu kwa kitambaa cha uvuguvugu kunaliwaza na hakuna madhara. Kinachohitaji hospitali haraka ni kichwa kinachouma sana pamoja na shingo kukaza, sikio kuacha kusikia, maumivu makali ya tumbo, au kuvimba korodani kwa kijana aliyebaleghe, ingawa utasa kamili baada ya hapo ni jambo la nadra na wazazi hawana haja ya kuishi na hofu hiyo. Chanjo ya matubwitubwi ipo duniani tangu mwaka 1967, lakini chanjo ya surua na rubela iliyoingizwa katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2014 haina kinga ya maradhi haya, kwa hiyo mtoto aliyekamilisha chanjo zake zote za kliniki bado anaweza kuugua.

Maambukizi ya vijidudu yana tabia nyengine. Hayo hupanda kutoka mdomoni kupitia mrija, pale mtiririko wa mate unapokuwa dhaifu kiasi cha kutoweza kuwasukuma vijidudu nje, na ndiyo sababu huwapata zaidi wazee, waliofanyiwa upasuaji mkubwa, na waliopungukiwa na maji mwilini. Kabla ya kupatikana dawa za vijidudu, maradhi haya yaliua wagonjwa wengi wodini. Rais James Garfield wa Marekani, aliyepigwa risasi mwaka 1881 na kuugua wiki kadhaa kabla ya kufa, alipata jipu la parotidi juu ya majeraha yake, na kifo chake kilitokana na maambukizi yaliyoenea mwilini. Leo tiba yake iko wazi: maji ya kutosha, kwa mdomo au kwa dripu, dawa ya vijidudu inayoweza kuvishinda vijidudu vya stafilokokasi, kukandwa kwa tezi kutoka nyuma kwenda mbele, usafi wa kinywa, na kipande cha ndimu cha kufyonza ili mate yaanze kupita. Iwapo siku 2 au 3 zimepita bila ya nafuu, ultrasaundi hutafuta jipu, na jipu lililokomaa hukamuliwa na daktari. Wakati wa Ramadhani, mtu aliyewahi kupatwa na maambukizi haya au mwenye kijiwe anashauriwa augawe unywaji wake wa maji kuanzia futari hadi daku, badala ya kunywa mengi kwa mara moja, na aliyekwishavimba na kupata homa ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa katika funga inajulikana.

Vijiwe, kwa sehemu kubwa, ni maradhi ya tezi ya taya. Kiasi cha 8 kati ya kila vijiwe 10 hutokea humo, kwa sababu mate yake ni mazito zaidi na yana kalisi nyingi, na mrija wake mrefu unapanda juu, kinyume na mteremko. Kijiwe kidogo kilicho karibu na tundu huweza kutoka chenyewe kwa maji, kukandwa na vitu vikali. Kilichokwama sehemu ya mbele ya mrija hutolewa kwa kupasua kidogo chini ya ulimi, kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Na daktari makini hupitisha kwanza uzi nyuma ya kijiwe na kuufunga kwa muda, ili kisirudi nyuma kikapotelea ndani ya tezi wakati kinapoguswa. Kilichokaa ndani kabisa, tezi ikiwa imeharibika kwa kuvimba mara kwa mara, huhitaji tezi yenyewe iondolewe kwa mkato unaowekwa kiasi cha vidole viwili chini ya ukingo wa taya, umbali uliochaguliwa ili kulinda tawi la neva linaloshusha pembe ya mdomo. Tangu miaka ya 1990 vimetengenezwa vijidarubini vyembamba, vya kiasi cha milimita moja, vinavyoingizwa ndani ya mrija na kunasa kijiwe bila ya kukata tezi, ila vyombo hivyo ni ghali na vimo katika vituo vichache vya Afrika Mashariki. Upasuaji wa chini ya ulimi, unaofanywa vizuri, bado unamponya mgonjwa wa kawaida.

Chini ya ulimi huota pia mfuko wa mate, wenye rangi inayoelekea samawati, ambao madaktari huuita ranula, unaotokana na tezi ndogo iliyopasuka na kuvuja ndani ya nyama. Ukitobolewa tu hupungua siku hiyo hiyo na kurudi baada ya wiki chache, na mgonjwa akatobolewa tena na tena; tiba yake ya kudumu ni kuiondoa tezi ya chini ya ulimi inayovuja.

Kuna uvimbe wa pande zote mbili usiouma, unaodumu miezi mingi na kuufanya uso uonekane umenenepa. Chanzo chake kinaweza kuwa maradhi ya sukari, ulevi wa muda mrefu au ukosefu wa lishe, na hapo tiba ni ya chanzo. Kinaweza pia kuwa virusi vya UKIMWI, ambavyo husababisha chembe za kinga kujazana ndani ya parotidi na mifuko ya maji kujitengeneza humo, kwa watu wazima na kwa watoto. Ingawa maambukizi ya virusi hivyo Zanzibar ni madogo kuliko Tanzania Bara, kipimo chake hakipaswi kuachwa kwa mgonjwa yeyote wa aina hii, kwa sababu uvimbe huo mara nyingi hupungua kwa dawa za kufubaza virusi bila ya kisu, na kwa mtoto unaweza kuwa ndio ishara ya kwanza iliyoonekana na mzazi.

Ukavu wa kinywa nao una sababu nyingi, na ya kwanza kutafutwa ni ndani ya mfuko wa dawa wa mgonjwa, kwani dawa za mzio, baadhi ya dawa za presha na dawa za huzuni kama amitriptilini hupunguza mate. Mwanamke wa umri wa kati ambaye macho yake yanawasha kama yaliyoingia mchanga, kinywa chake kimekauka na viungo vinamuuma, huenda ana maradhi yaliyoelezwa mwaka 1933 na daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, ambapo kinga ya mwili huzishambulia tezi za mate na za machozi. Wagonjwa wake wengi ni wanawake. Hupimwa kwa damu, kwa ukanda wa karatasi unaowekwa kwenye kope ili kupima machozi, na kwa kutoa vitezi vichache kutoka ndani ya mdomo wa chini. Hayana tiba ya kuyaondoa kabisa, lakini yana nafuu, na yanahitaji ufuatiliaji wa miaka kwa sababu huongeza uwezekano wa saratani ya tezi za kinga.

Sasa njia inafika kwenye kinundu kisichouma, na hapa ndipo Unguja inapokuwa na jambo lake lenyewe la kueleza. Ndani na kandokando ya tezi za mate mna mitoki, yaani tezi za kinga, na katika nchi zenye kifua kikuu mitoki ya shingo huvimba kwa maradhi hayo ikafanana kabisa na tezi ya mate iliyougua. Kwa nje hayatofautiki. Kinachotofautisha ni sindano nyembamba, inayoingizwa ndani ya kinundu na kuvuta chembe chache, zikapakwa juu ya kioo, zikatiwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kando ya Mji Mkongwe, maabara ya uchunguzi wa chembe na nyama za mwili imeshirikiana kwa miaka na wataalamu wa Bergen nchini Norway, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018 ulifanywa kwa wagonjwa wa hapa hapa waliotiliwa shaka ya kifua kikuu kilicho nje ya mapafu. Watafiti hao walitumia kipimo kinachotafuta protini iitwayo MPT64, ambayo hutolewa na vijidudu vya kifua kikuu na kubakia katika sampuli hata pale vijidudu vyenyewe vinapokuwa vichache mno kuonekana, wakakuta kwamba kipimo hicho kinaboresha utambuzi katika hospitali ya kawaida ya nchi yenye kipato kidogo. Maana yake kwa mgonjwa wa Mtoni ni kubwa: kinundu cha kifua kikuu huponywa kwa vidonge vya miezi 6 bila ya kupasuliwa, na mwenye kinundu cha aina nyengine haanzishiwi vidonge hivyo kwa kubahatisha.

Wengi huiogopa sindano hiyo wakidhani kwamba ikigusa saratani itaitawanya. Hofu hiyo haina msingi kwa sindano nyembamba. Yenye msingi ni hofu ya kukatwa kipande cha parotidi kwa kisu kabla ya uvimbe kujulikana, kwa kuwa mkato wa namna hiyo hupasua ganda la uvimbe, humwaga chembe katika jeraha na huiweka neva hatarini, na upasuaji wa pili unaofanywa juu ya kovu huwa mgumu maradufu.

Kuhusu aina za uvimbe huu, Afrika Mashariki ina kumbukumbu za muda mrefu. Mwaka 1964 madaktari Davies, Dodge na Burkitt walichapisha maelezo ya uvimbe wa tezi za mate Uganda, kutokana na kazi yao Kampala, na mwaka 2004 Edda Vuhahula, mtaalamu wa maradhi ya kinywa wa Muhimbili, akachapisha uchunguzi mwengine wa wagonjwa wa Uganda. Unaoonekana zaidi kuliko wote, huku na duniani, ni ule uitwao adenoma ya pleomofi, uvimbe usio wa saratani, mgumu, wenye mabonde, unaokua polepole na usiouma. Kanuni ya jumla ni kwamba kadiri tezi inavyokuwa ndogo ndivyo uvimbe wake unavyoelekea zaidi kuwa wa saratani: katika parotidi kiasi cha 8 kati ya 10 si saratani, katika tezi ya taya karibu nusu kwa nusu, na katika tezi ndogo za kaakaa na za chini ya ulimi saratani ndiyo mara nyingi zaidi. Na hata adenoma hiyo isiyo ya saratani haina amani ya kudumu, kwa kuwa ikiachwa miaka 10 au 15 baadhi yake hugeuka. Mwenye kuambiwa kuwa uvimbe wake si wa hatari kisha akaenda zake bila ya tiba, ameelezwa nusu ya habari.

Tiba yake ni kuondolewa pamoja na sehemu ya tezi iliyouzunguka, mgonjwa akiwa katika kaputi kamili. Mkato huanza mbele ya sikio, ukazunguka chini ya ndewe na kuteremka shingoni, na kazi ya mwanzo ya daktari ni kuitafuta neva ya uso na kuifuata tawi kwa tawi, kisha kuuinua uvimbe kutoka juu yake. Kuufukua uvimbe peke yake kutoka ndani ya ganda lake, kama ilivyofanywa zamani, huacha vipande vinavyoota upya, safari hii vikiwa vingi. Udhaifu wa uso wa wiki au miezi michache baada ya upasuaji ni jambo la kawaida na huondoka. Wa kudumu ni wa wachache. Wengine huona jasho likitoka shavuni wanapokula, hali iliyoelezwa vizuri mwaka 1923 na daktari wa kike wa Poland, Łucja Frey, kwa sababu neva zilizokatwa za mate zimejiunganisha na tezi za jasho. Haina hatari, ila mgonjwa aambiwe mapema ili asishtuke mbele ya watu.

Ikiwa ni saratani, upasuaji huwa mpana zaidi, mitoki ya shingo huenda ikaondolewa, na mara nyingi hufuatiwa na tiba ya mionzi. Hapo mgonjwa wa Unguja hupanda boti kwenda Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, na Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa mionzi. Kabla ya mionzi meno mabovu hung'olewa na mazima hutunzwa, kwa kuwa mionzi hukausha mate na kudhoofisha mfupa wa taya. Aina moja, iitwayo saratani ya adenoidi sistiki, hutambaa kandokando ya neva na inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, kwa hiyo mgonjwa wake hamalizi kliniki kwa kuwa kovu limepona.

Kutoka Mtoni hadi Mnazi Mmoja ni safari fupi ya daladala. Mwenye kinundu mbele ya sikio, chini ya taya au ndani ya kinywa kilichodumu zaidi ya wiki 3 anaombwa aifunge safari hiyo wiki hii, kiwe kinauma au hakijawahi kuuma. Na asingoje hata wiki moja iwapo uso umelegea upande mmoja, kinundu kinakua kwa kasi, au ngozi juu yake imeanza kuchimbika. Akifika, aombe aguswe kwa mikono miwili, ndani na nje, na aulize lini atachomwa sindano nyembamba.